Magauni ya Mikono Mirefu

Si zamani sana nilialikwa kwenye semina ya akina mama, hapa Mwanga, mjini Kigoma, katika ukumbi wenye feni moja iliyokuwa ikizunguka kwa kulalamika. Mada ilikuwa mabinti wanaojiumiza wenyewe. Mtoa mada, kijana nadhifu aliyekuja kutoka mbali, alitueleza kuwa jambo hili ni jipya, limeletwa na simu, mabinti wanaigana, na kwamba wanachokosa ni ule uvumilivu waliokuwa nao mama zao. Akina mama wakapiga makofi. Mimi nikatoka nje kunywa maji. Ningebaki ndani ningesema maneno ya kunivunjia heshima, na kwa umri huu heshima ni kitu ambacho sina akiba yake nyingi.

Jipya, ati. Mimi nililiona miaka ya tisini, kabla hatujajua simu ya mkononi inafananaje. Nililiona kanisani, kwenye kwaya, kwa wasichana waliokuwa wakisifiwa na mji mzima. Hao mama zao walioshangiliwa kwa uvumilivu ndio waliokuwa wasichana wenyewe. Wengine walikuwa wamekaa humo humo ukumbini, wakipiga makofi na wenzao.

Ninayetaka kumsimulia ni dada yangu. Kwa hesabu za ukoo ni binti wa mama mkubwa. Mama yangu ni Muha wa karibu na mpaka, na dada yake aliolewa ng'ambo, Burundi, enzi ambazo kuolewa ng'ambo kulikuwa sawa na kuolewa kijiji cha pili. Vita vilipozuka, watu walishuka kwenye mashua kule Katonga mpaka wauza dagaa wakakosa pa kuanikia. Kati ya watu hao alikuwemo dada, peke yake, ameshika sufuria ndogo aliyoibeba tangu kwao bila kujua kwa nini. Alikuwa amepotezana na mama yake na wadogo zake njiani, watu walipotawanyika kila mmoja na upande wake. Aliulizia kwetu hadi akafika Katubuka. Mama alimpokea kwa kumkumbatia, akamwogesha, akampa uji.

Alipomaliza uji akaanza kulia. Hakulia kwa kwikwi za adabu. Alilia kwa sauti, akimwita mama yake, kama wanavyolia watu wa kwao na wa kwetu anapokufa mtu. Mama akaruka na kumziba mdomo kwa kiganja.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa majirani. Mkimbizi alitakiwa kuwa kambini, na kila uchao tulisikia habari za msako, za watu waliochukuliwa mjini wakapandishwa lori. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, tena mzee wa kanisa, na mtu wa namna hiyo hafichi mkimbizi nyumbani mwake; akimficha, hamfichi kwa makelele. Sababu ya pili mama aliiamini zaidi. Kwetu haliliwi jina la mtu ambaye hujaletewa habari ya kifo chake. Ukimlilia, unamchuria, unamwita mauti huko aliko. "Mama yako yu hai mpaka tuambiwe," mama alimwambia. "Ukimlilia, wewe ndiye utakayekuwa umemuua."

Mtoto wa watu akameza kilio chake chote. Ng'ambo wana msemo kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Sijui nani aliwadanganya kuwa ni ya mwanamume tu.

Tukamgeuza Muha wa Kasulu. Tukamfundisha jina la kijiji cha kutaja akiulizwa, na baba akamwamuru asiseme sana sokoni, kwa maana Kiha na Kirundi ni ndugu, lakini mwenye masikio ya Kigoma huvitofautisha. Kwa hiyo alikuwa na lugha asiyoruhusiwa kuisema, mama asiyeruhusiwa kumlilia, na nyumba ambayo ilibidi aishukuru kila siku. Kila alipoonekana mnyonge, mama alimwambia neno la kwao, ihangane, yaani vumilia, jikaze. Ni neno la upendo lile, sikatai. Lakini ukiambiwa neno la upendo asubuhi, mchana na jioni na mtu asiyetaka kusikia unachotaka kusema, linageuka kufuli.

Wakati huo mimi nilikuwa najifunza cherehani kwa fundi mmoja mama, kwenye baraza ya duka pale Mwanga. Dada akaletwa kujifunza pamoja nami, na Jumapili akaingizwa kwaya ya wasichana, kwa kuwa msichana asiyeonekana kwenye kwaya huulizwa habari zake. Alikuwa na sauti nzuri. Watu wakaanza kumpenda, na mama akapumua.

Kwaya ile ilikuwa fahari ya kanisa letu, na ilikuwa chungu kilichofunikwa. Alikuwemo binti wa mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali. Huyo alitolewa shule akiwa wa kwanza darasani, ili amtunze mama yake mgonjwa, ilhali kaka zake wakiendelea kusoma. Mwingine alikuwa ameposwa na mwanamume mwenye umri wa baba yake, na posa ilikuwa imeshaliwa. Alikuwemo mmoja aliyetendwa uovu na mjomba wake wa ndoa, akasema, akaambiwa akirudia kusema atavunja nyumba ya shangazi. Nayajua haya kwa kuwa wasichana husema mbele ya cherehani, mguu ukiwa kazini na macho yakiwa kwenye mshono. Tulikuwa wengi tunaojua. Kati ya waliojua hapakuwa na mkubwa hata mmoja aliyeuliza.

Ilipokaribia sikukuu ya mavuno, kwaya ikapewa kitambaa cha sare, buluu yenye maua meupe, na kazi ikaletwa kwa fundi wetu. Wasichana waliulizwa wanataka mshono gani. Wote wakataka gauni la mikono mirefu, mpaka kwenye kifundo, na kifungo mwishoni. Fundi alicheka. Aliwauliza kama wanahamia Ulaya, na joto hili la ziwani linalomfanya mtu atamani kuvua hata ngozi. Hawakucheka naye. Basi akasema mteja akitaka mikono mirefu ashonewe mikono mirefu, akanituma nipime.

Niliwapima mikono wasichana wote pale barazani, na hakuna aliyekubali kupandisha nguo aliyovaa. Tulipima juu ya nguo. Wapo walioshtuka futi ilipowagusa. Nilipofika kwa dada alinitazama usoni kama anaomba, nami nikaandika kipimo bila kukaza futi. Tulipofika nyumbani nilimwuliza. Akapandisha nguo kidogo, nikaona alama, nyingine za zamani, nyingine mbichi, akaishusha tena. Aliniambia kuwa pale kilio kinapompanda na hana pa kukipeleka, ndivyo anavyofanya, na kwamba hakuiga kwa mtu. Hata aliyetangulia kuanza hakujua kuwa wako wenzake. Walikuja kujuana walipoona kila mmoja wao anafua nguo zake kwa kujificha.

Sitaeleza zaidi ya hapo, na anayetaka maelezo hayo hanitakii mema wala mwanawe. Niseme tu kwamba dada yupo, ni mzima, ana wajukuu wanaomsumbua, na ndiye aliyeniruhusu niandike haya mradi nisimtaje jina. Anasema kilichomponya kilikuwa kitu kidogo, hata kukitaja ni aibu: kusikilizwa. Kilimfikia kwa kuchelewa.

Jumapili ya sikukuu kwaya iliingia na magauni yale. Mchungaji aliyatazama, akayafanya mahubiri. Alisema hawa ndio mabinti wa kuigwa, waliojisitiri mpaka kwenye viganja wakati dunia inatembea uchi. Akina mama wakapiga vigelegele. Wasichana walisimama wameinamisha macho, jasho likiwatiririka, na kanisa zima likaona unyenyekevu. Mimi nilikaa nyuma nimejaa hasira, maana mikono ile niliishona mimi, na nilijua imesitiri nini. Funika kombe mwanaharamu apite, tunasema. Siku ile nilijiuliza mwanaharamu ni nani, na mbona hapiti.

Kombe lilifunuliwa na mawese.

Akina mama wa kanisa walikusanyika nyumbani kwetu kukamua mawese ya shughuli fulani. Ni kazi ya mikono hiyo, chikichi zinachemshwa, zinatwangwa, kisha unaingiza mikono mpaka kwenye viwiko, unakamua na kuchuja. Kila mwanamke alikuwa amepandisha nguo au amebaki na kanga kifuani. Dada alikuja na gauni la mikono mirefu, akaanza kukamua nalo hivyo hivyo. Mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mwema kwa namna yake, mwenye sauti ya kuongoza watu, akamwambia ataliharibu gauni bure, mawese hayatoki kwenye nguo. Dada akasema haidhuru. Mwenyekiti akacheka, akamshika mkono kama unavyomshika mtoto wako, akaipandisha nguo yeye mwenyewe.

Kicheko kikamkatikia mdomoni. Akaushika na mkono wa pili, akapandisha. Wanawake wakasogea.

"Huyu amechanjwa," mwenyekiti alisema. "Hizi ni chale."

Kila mwanamke pale uani aliamini papo hapo. Kwetu mistari kwenye mwili wa mtu ina maana moja: kuna mganga aliyekata, akapaka dawa. Hata mimi nilichanjwa utotoni, kwa homa, kabla baba hajawa mzee wa kanisa. Kwa hiyo hapakuwa na mjadala wa alama zimetoka wapi. Mjadala ulikuwa dawa ya nini. Mmoja akasema ni ya kuvuta wanaume. Mwingine akasema ni ya sauti, ndiyo maana anaimba vile. Wa tatu akamkumbuka mtoto wake aliyeugua mwezi uliopita, akakumbuka pia kuwa dada alimbeba.

Niliweka chini ungo wangu nikasema kweli. Nilisema hajaenda kwa mganga yeyote, anajiumiza mwenyewe kwa uchungu, anamlilia mama yake, na kwamba wapo wengine kwenye kwaya. Nilisema kwa sauti, watu wote wakasikia. Mama alinipiga kofi. Aliona nimemfichua dada kuwa ana mama aliyepotea, yaani nimemfichua kuwa ni mkimbizi. Mwenyekiti yeye alinihurumia. Akasema kutetea ndugu ni jambo jema, ila mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayeukata mwili wake mwenyewe bila kutumwa.

Nimetumia miaka mingi kuwaza kwa nini waliipenda chale kuliko kweli, na jibu langu ni hili. Mganga anafukuzika. Unaweza kumwombea aanguke, unaweza kwenda na kundi ukavunja vibuyu vyake, ukarudi nyumbani umetakata. Binti aliyejiumiza mwenyewe anakurudisha kwako. Anakufanya uulize nani alimziba mdomo, nani alipokea posa, nani alimtoa shule, nani alimlinda mjomba. Maswali hayo yana majibu, na majibu yenyewe yalikuwa yamekaa pale uani na mawese mikononi.

Dada akaitwa mbele ya baraza la wazee. Baba alikaa miongoni mwao, akitazama meza. Mimi na mama tuliruhusiwa kuketi mlangoni. Mchungaji alimwuliza kwa upole ni mganga gani aliyemchanja. Dada alijibu kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Hakuna mganga. Nilifanya mimi mwenyewe."

Wakamwuliza tena. Akajibu yale yale. Mzee mmoja akasema roho hii ni bubu, inamficha bwana wake. Wakamweleza kwamba asipotaja atatengwa na kanisa, na kutengwa katika mji kama wetu ni jambo linaloleta watu mlangoni kuuliza msichana huyu ametoka wapi hasa. Hawakusema kwa vitisho. Walisema kwa masikitiko, na baba akaelewa, mama akaelewa, na dada akaelewa kuliko wote. Tulipotoka mama alimshika bega akamwambia: "Wape wanachotaka, mwanangu. Ihangane."

Jumapili iliyofuata alisimamishwa mbele ya kusanyiko. Akasema alikwenda kwa bibi mmoja mganga, mbali, ng'ambo ya mto Malagarasi, akachanjwa ili apendwe na watu. Hapakuwa na bibi wala safari. Alipomaliza kanisa likalipuka kwa haleluya. Mchungaji akamwekea mikono, mwenyekiti akamkumbatia huku akilia machozi ya kweli, na baba akapata usingizi kwa mara ya kwanza tangu siku ya mawese. Ile kweli yake ya kwanza iliwaudhi. Uongo ulipokelewa kwa vigelegele.

Lakini mimi nilikuwa nawatazama wasichana wa kwaya. Walikuwa wamesimama mahali pao, na sare zao za buluu, wakiangalia yanayompata mwenzao aliyesema kweli na yanayompata aliyedanganya. Hakuna semina iliyowahi kufundisha vizuri namna ile. Kuanzia wiki hiyo hata mbele ya cherehani walinyamaza. Yule aliyeposwa aliolewa, akacheza kwenye harusi yake. Binti wa mtumishi baba yake alihamishwa mkoa mwingine, tukasikia baadaye kuwa alilazwa muda mrefu hospitali, na walioleta habari walisema ni malaria, kwa sauti ile ya watu wanaosema ni malaria.

Kwa dada nilifanya nilichoweza. Nilianza kumwuliza habari za mama yake, mchana, tukiwa tunashona, fundi akienda sokoni. Mwanzoni aliogopa kuchuria. Nikamwambia aseme habari za uhai wake, hazina uchuro. Basi akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akipika maharage na mawese, alivyokuwa akimchapa na kumwimbia siku hiyo hiyo, alivyochekwa kwa kusinzia kanisani. Nilisikia Kirundi kikimtoka kama maji. Kuna siku alifunga cherehani akapandisha mikono ya nguo mwenyewe, kwa joto, akaisahau huko juu.

Habari ya mama yake ikaja mwishowe. Aliileta mzee aliyekuwa jirani yao ng'ambo, aliyepata ruhusa ya kutoka kambini kuja kutibiwa macho. Alikaa sebuleni kwetu, akakataa chai, akasema yeye na watu wengine walimzika mama mkubwa kando ya njia. Ilikuwa siku zile zile za kwanza. Siku aliyoshuka dada Katonga na sufuria yake, mama yake alikuwa ameshazikwa. Wakati wote ule hapakuwa na mtu wa kuchuria.

Mama alianguka chini. Alilia kilio cha kwao, kilio ambacho aliwahi kukiziba kwa kiganja chake, na hakujali tena jirani gani anasikia. Msako ulikuwa umelegea kidogo mjini, na msiba ni msiba. Mikeka ikatandikwa uani, moto ukawashwa, akina mama wa kanisa wakaja kwa makundi wakiwa wamejifunga kanga vichwani. Wote walilia. Mwenyekiti alilia kuliko wengi, na siwezi kusema alijifanya.

Dada hakulia. Alichota maji, akapokea wageni, akawaonyesha pa kukaa. Watu wakaanza kunong'ona, wakaona moyo mgumu, na kuna aliyekumbuka zile chale. Mwishowe mwenyekiti na mama wakamwita chumbani, nami nikaingia nyuma yao. Wakamkalisha kitandani. Mama, sauti imeshamkauka, akamshika mikono yote miwili.

"Sasa lia, mwanangu," alimwambia. "Sasa inaruhusiwa. Mlilie mama yako."

Dada aliitazama ile mikono yake ndani ya viganja vya mama.

"Nilishamlilia, mama mdogo," alisema. "Kilio hicho ndicho mlichonitubisha kanisani."

Mama akamwachia mikono. Huko uani wanawake waliendelea kulia, kwa kuwa hawakuwa wamesikia.